Kumwita mwenzako anavyostahili: maswali kuhusu lugha inayowajumuisha watu transjenda kazini

Wengi wanaouliza maswali haya hawana ubishi na jambo lenyewe. Ni wakuu wa idara, maofisa rasilimali watu na wafanyakazi wa kawaida ambao mwenzao amewaeleza jina lake na jinsia yake, nao wakakubali kwa moyo mweupe. Kinachowasumbua ni ulimi uliozoea. Majibu yanayofuata yanahusu mazoea hayo: yanatoka wapi, na yanabadilishwaje bila kumuumiza mtu.

Mtu transjenda ni nani?

Ni mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo si ile aliyoandikishwa alipozaliwa. Mwanamke transjenda aliandikishwa mvulana, mwanamume transjenda aliandikishwa msichana, na wapo wasiojitambua kuwa mwanamke wala mwanamume. Si ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani liliondoa suala hili katika sura ya magonjwa ya akili kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, toleo lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Si lazima awe amepata matibabu yoyote, na hilo si jambo la kumuuliza mtu kazini.

Na lugha jumuishi ni ipi hasa?

Kumwita mtu kwa jina analotumia. Kumtaja kwa jinsia yake, akiwepo na asipokuwepo. Kuzungumza na kundi bila kuligawa mafungu mawili, mabibi na mabwana, pasipo sababu. Na kuacha kuchimba jina lake la zamani au habari za mwili wake. Mengine yote ni nyongeza ya hayo.

Jina tu linaweza kuleta tofauti gani?

Kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2018 jarida la Journal of Adolescent Health lilichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa vijana 129 wa transjenda na wengine wasiofuata mipaka ya kawaida ya jinsia. Watafiti waliuliza kama kijana aliweza kutumia jina alilojichagulia nyumbani, shuleni, kazini na kwa marafiki. Kadiri sehemu hizo zilivyokuwa nyingi, ndivyo dalili za sonona na mawazo ya kujiua yalivyokuwa machache. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba jina peke yake ndilo lililoleta nafuu, maana familia inayomwita mtoto jina lake huenda inamtunza vizuri kwa mengi mengine pia. Lakini kati ya mambo yote ambayo mwajiri anaweza kumfanyia mtu, hili halina gharama yoyote.

Kwa mtu mzima aliye kazini, fikiria kikao cha kawaida. Anayekosewa mara kwa mara hukaa mezani na kazi mbili: ile aliyoajiriwa kuifanya, na ile ya kuamua kila mara kama arekebishe au anyamaze.

Kwa nini mbinu za kitabia, yaani mazoezi na vikumbusho vya kubadilisha mazoea? Si inatosha kuwaelimisha watu?

Elimu inahitajika, ila peke yake haitoshi. Mwaka 2006 Thomas Webb na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 47 yaliyobadilisha nia za watu na kuangalia matendo yao yalibadilika kiasi gani. Nia zilibadilika kwa kiwango cha kati hadi kikubwa, matendo yakabadilika kwa kiwango kidogo hadi cha kati. Mtu anaweza kukubali kabisa jambo asubuhi na kulisahau mchana, hasa jambo linalotamkwa haraka.

Tena kuteleza kwa ulimi si lazima kuwe dalili ya chuki. Utafiti wa Samantha Deffler na wenzake wa mwaka 2016 kuhusu watu wanaokosea majina ya wanaowafahamu uligundua kwamba mara nyingi jina linalojitokeza ni la mtu aliye katika kundi hilohilo akilini: mzazi humwita mtoto mmoja kwa jina la mwingine. Akili imeweka majina kwenye mafungu, na mtu akiwa na haraka huchomoa lolote lililo karibu. Ukimkosea mwenzako kwa kumwita «dada», huenda ubongo wako bado haujamhamisha fungu. Hilo linaeleza kosa, halilifanyi kuwa dogo kwa aliyekosewa. Linatuonyesha pia pa kufanyia kazi: katika mazoezi na vikumbusho, zaidi ya mawaidha.

Je, huku si kuwachezea watu akili?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu historia ya mbinu hizi ina doa.

Mwaka 1974, George Rekers na Ivar Lovaas walichapisha katika Journal of Applied Behavior Analysis habari za mtoto wa kiume asiyetimiza miaka 5, aliyependa michezo na mavazi yaliyohesabiwa kuwa ya kike. Mama yake alifundishwa kumpa uangalifu alipocheza «kiume» na kumpuuza alipocheza «kike». Nyumbani zikatumika alama za kumtuza na za kumwadhibu, na adhabu ilifika hadi kuchapwa. Kazi hiyo ilisifiwa na kunukuliwa kwa miaka mingi. Ni mwaka 2020 tu ambapo jarida lilichapisha rasmi tamko la kuitilia mashaka. Zana zilezile za kutuza, kuadhibu na kupuuza zilielekezwa kwa mtoto ambaye hakuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana ninashikilia sharti moja kabla ya mbinu yoyote: kinachobadilishwa ni mazoea ya anayezungumza na mazingira ya kazi, kamwe si mtu anayezungumziwa. Mpango wowote unaomtaka mfanyakazi transjenda avumilie zaidi, ajieleze zaidi, au avae na kutembea kwa namna itakayowarahisishia wengine, umegeuza mambo juu chini.

Sharti la pili ni uwazi. Waambie watu mnachofanya na kwa nini. Kikumbusho ambacho kingeacha kufanya kazi watu wakijua kipo hakina nafasi mahali pa kazi.

Tunaanzia wapi?

Anzeni kwa kutaja tendo lenyewe. «Tuwe na heshima» haielezi mtu afanye nini saa nne asubuhi simu ikilia. «Tunapomtambulisha mwenzetu kwa mteja, tunataja jina lake na cheo chake» inaeleza.

Kisha tafuteni makosa yanatokea wapi. Wataalamu wa tabia huangalia vitu vitatu: kilichotangulia, tendo, na kilichofuata. Andikeni kwa siku chache, kila mtu makosa yake mwenyewe. Mara nyingi mtakuta hayajatapakaa kila mahali. Yamejikusanya pachache: orodha ya simu yenye jina la zamani, anwani ya barua pepe isiyobadilishwa, mazungumzo ya korido mwenyewe asipokuwepo, na utambulisho wa haraka mlangoni. Orodha na barua pepe ni kazi ya mtu wa tehama ya alasiri moja. Korido ndiyo inayohitaji mazoezi.

Kiswahili hakina «he» na «she». Tuna haja gani ya kuhangaika?

Ni kweli kwamba «yeye» na «a-» ni vya kila mtu, na hiyo ni neema. Unaweza kuandika ripoti nzima kuhusu mwenzako bila kutaja jinsia yake hata mara moja. Lakini jinsia ina milango mingine ya kupitia.

Mlango wa kwanza ni maneno ya kuitana: kaka, dada, mama, baba, Bwana, Bi. Ofisini tunayatumia kwa heshima, na kwa sababu ni ya heshima hatuyafikirii. Wa pili ni vitenzi. Ukisema fulani ameoa au ameolewa, umekwisha kutaja jinsia. «Amefunga ndoa» inafikisha habari bila hilo. Wa tatu ni fomu zenye kisanduku cha Me na Ke ambacho hakuna anayekumbuka kiliwekwa kwa ajili gani. Wa nne ni kugawana kazi: «akina dada watupangie viti, vijana wa kiume wabebe meza». Hapo kila mtu anasukumwa kwenye fungu mbele ya watu, na aliye transjenda anabaki kusubiri kuona ataitwa upande gani.

Wa tano ni kuchanganya lugha. Kikao kinaendeshwa kwa Kiswahili, muhtasari unaandikwa kwa Kiingereza, na mtu ambaye hakukosewa kwa saa nzima anakosewa kwenye karatasi itakayotunzwa miaka. Mwandishi wa muhtasari ajue kiwakilishi sahihi kabla ya kuanza kuandika.

Bahati nzuri maneno ya kutumia tunayo tayari: ndugu, wenzangu, mwenzetu, wajumbe, wageni wetu, mkuu, mheshimiwa. Sipendekezi kufuta kaka na dada. Kwa mwanamke transjenda, kuitwa dada na wenzake kunaweza kuwa ndiyo furaha ya siku. Tumia neno linalomfaa mtu. Kwa usiyemjua, anza na lile lisilobagua.

Mpango wa «nikiona hivi, nitafanya vile» unafanyaje kazi?

Ukiniruhusu kuchagua mbinu moja tu, ningechagua hii. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliieleza kwa kina mwaka 1999: badala ya kujiwekea lengo peke yake, mtu anafunga tendo kwenye tukio maalumu litakalolianzisha. Mwaka 2006 yeye na Sheeran walichambua majaribio 94 na kuona kwamba mipango ya namna hii husaidia watu kutimiza malengo kwa kiwango cha kati hadi kikubwa.

Tuseme mwenzako anaitwa Amani. Jina halijabadilika, lakini ulizoea kumwita dada Amani na sasa ni kaka Amani. Lengo la jumla ni «nitajitahidi». Mpango ni huu: «Nikimwona Amani akiingia mlangoni, kabla sijafungua mdomo nitasema moyoni kaka Amani.» Na mwingine: «Nikianza kusimulia jambo alilofanya Amani, nitatulia kwa pumzi moja kabla ya kutaja jina.» Na wa tatu, kwa siku mbaya: «Nikikosea, nitasema neno sahihi na kuendelea.»

Tukio ulilochagua liwe la kuonekana au kusikika. «Nikiwa makini» si tukio. «Nikishika kitasa cha chumba cha mikutano» ni tukio. Mipango miwili au mitatu inatosha. Kumi itasahaulika yote.

Mazoezi yafanyike vipi?

Kwa sauti, na mwenyewe asiwepo.

Kuna utaratibu wa hatua nne unaotumiwa sana kufundisha stadi: maelekezo, kuonyeshwa, kufanya mwenyewe, kupewa mrejesho. Semina nyingi huishia hatua ya kwanza. Watu wanaonyeshwa picha ukutani, wanatikisa vichwa, wanatoka, na ulimi uko palepale.

Kaa na mwenzako mmoja. Simulia mambo matatu ya kweli ambayo Amani amefanya kazini wiki hii: «Kaka Amani ndiye aliyemaliza hesabu za mwezi. Kaka yetu huyu alimpigia mteja mwenyewe.» Msikilizaji akuambie papo hapo uliteleza wapi, nawe urudie sentensi nzima, si neno lile tu. Kurudia sentensi nzima kuna maana, kwa kuwa kazini neno halitoki peke yake. Linatoka katikati ya maneno mengine na mawazo ya jambo jingine. Kisha badilishaneni. Fanyeni zoezi linalofuata kwa haraka zaidi, maana haraka ndiyo inayoleta makosa.

Kumwomba Amani awe mtu wa kufanyiwa mazoezi ni kumwongezea mzigo. Hata akikubali kwa ukarimu, mwacheni.

Nikikosea mbele yake nifanye nini?

Rekebisha kwa maneno machache kisha endelea: «Dada, samahani, kaka Amani atatueleza.» Basi.

Kuomba radhi kwa muda mrefu hugeuza mambo. Chumba kizima kinatulia, macho yote yanamgeukia aliyekosewa, naye analazimika kukufariji: «Usijali, hakuna shida.» Anayerudiwa na hali hiyo mara nyingi hujifunza kuogopa marekebisho kuliko kosa. Kama unahisi lazima useme zaidi, mfuate baadaye mkiwa wawili, uwe mfupi.

Nani amrekebishe mwingine akikosea?

Yeyote aliyesikia, isipokuwa mwenyewe ameomba vingine. Muulizeni mapema: angependa wengine warekebishe hapohapo, baadaye faraghani, au wamwachie? Wengine wanachoka kujitetea na wangefurahi kusikia sauti ya mtu mwingine. Wengine hawataki jambo lao liinuliwe mbele ya wageni.

Njia nyepesi ni kurudia kwa usahihi bila kusimamisha mazungumzo. Akisema «dada Amani alituma», unajibu «ndiyo, kaka Amani alituma jana». Wengi wataokota. Asiyeokota mara tatu, mfuate pembeni.

Wakuu wana nafasi ya pekee hapa. Watu hutazama wenzao ili kujua jambo la kawaida ni lipi, na humtazama bosi zaidi. Mkurugenzi anayejirekebisha hadharani bila aibu amewapa wote ruhusa ya kufanya hivyo.

Tuwape watu zawadi wakifanya vizuri? Au adhabu wakikosea?

Tangu kazi za B. F. Skinner za miaka ya 1930 tunajua kwamba tendo linalofuatwa na matokeo mazuri hurudiwa. Lakini matokeo mazuri si lazima yawe zawadi. Kumtuza mtu kwa kumwita mwenzake jina lake ni kumfanya huyo mwenzake kuwa mtihani, na sikubaliani nako hata kidogo. Shukrani fupi, ya wakati uleule, inayotaja tendo, inatosha: «Nimesikia ulivyomrekebisha yule mteja. Asante.»

Ubao wa makosa, sanduku la faini, kutajana majina kwenye kikao: hapana. Watu wakiogopa kukosea huacha kumtaja mwenzao kabisa. Huacha kumwalika kwenye mazungumzo na kumpitishia kazi. Kwenye hesabu makosa yatakuwa yamepungua, na mtu atakuwa ametengwa.

Anayekosea kwa makusudi ni suala jingine. Aliyeelezwa, akasaidiwa, na bado akaendelea kumwita mwenzake jina la zamani ili kumuumiza, huyo ananyanyasa, na unyanyasaji una utaratibu wake wa nidhamu. Msimpeleke kwenye mazoezi.

Tubadilishe nini kwenye mazingira ya kazi?

Rahisisheni lililo jema. Timu ya Uingereza iitwayo Behavioural Insights Team, iliyoanzishwa 2010, hufupisha ushauri wake kwa sifa nne: tendo liwe rahisi, livutie, liwe la kijamii, na liletwe kwa wakati wake. Kwa suala letu, ningeweka urahisi mbele ya yote.

Mfumo wa mishahara unaweza kuhitaji jina la kisheria. Kitambulisho cha shingoni, orodha ya simu, jina la barua pepe na kibao cha mlangoni kwa kawaida havihitaji. Viwekeni vitumie jina analotumia mtu, na jina la kisheria libaki pale tu linapotakiwa. Salamu ya barua za jumla iwe «Ndugu», si «Bw./Bi.». Mfano wa utambulisho wa wageni uandikwe: jina, cheo, idara. Watu wengi hufuata kilichowekwa tayari, kwa hiyo kiwekwe kilicho sahihi.

Tahadhari moja. Msilazimishe kila mtu kuandika viwakilishi vyake kwenye sahihi ya barua pepe au kuvitaja akijitambulisha. Yule ambaye bado hajasema lolote kuhusu jinsia yake mtamweka njia panda: ajifichue asipokuwa tayari, au aandike uongo kwa mkono wake. Iwe hiari, na wakuu waanze.

Tufanyeje na wanaopinga?

Kwanza, msiwabane bila sababu. Jack Brehm alieleza mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake unachukuliwa huutetea kwa kufanya kinyume. Lisa Legault na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba ujumbe wa kupinga ubaguzi uliojaa amri uliongeza ubaguzi, ilhali ule uliowapa watu sababu zao wenyewe uliupunguza. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev nao wameandika sana jinsi mafunzo ya lazima yanavyoweza kuleta matokeo ya kinyume.

Linalosaidia ni mazungumzo. David Broockman na Joshua Kalla walichapisha katika Science, 2016, jaribio la Miami ambako watembeleaji walizungumza na wakazi mlangoni kwa takriban dakika 10. Hawakuwahubiria. Waliwauliza wakumbuke wakati wao wenyewe walipohukumiwa kwa kuwa tofauti. Chuki dhidi ya watu transjenda ilipungua, na mabadiliko yakaonekana bado yapo miezi 3 baadaye.

Kwa hiyo kaa na anayepinga, wawili tu, na msikilize. Imani yake ni yake. Linaloombwa kazini ni tendo: mwite mwenzako kwa jina lake, kama yeye anavyokuita kwa lako.

Itachukua muda gani?

Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya ya kila siku. Utafiti wao wa 2010 ulikuta wastani wa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo aliyeshindwa baada ya mwezi hajashindwa.

Jamii nzima nazo hubadilika. Nchini Sweden, kiwakilishi kipya kisichotaja jinsia, «hen», kilipingwa na wengi kilipozuka mjadala wake 2012. Kufikia 2014 watafiti walikuta maoni yamegeuka kwa kiasi kikubwa, na 2015 neno hilo likaingia katika kamusi ya Akademia ya Sweden.

Tutapimaje maendeleo?

Hesabuni vitu kabla ya watu: nyaraka ngapi bado zina jina la zamani, mifumo mingapi haijarekebishwa. Kila mtu ajihesabie makosa yake kwa siri. Msimpe mwenye jambo daftari la kuandika nani alimkosea. Muulizeni mara kwa mara, faraghani, kama hali imekuwa nafuu, na akisema hapana mwaminini.

Mwenzetu ametuambia sisi wachache tu. Tufuate jina lipi mbele ya wengine?

Lile atakalowaambia. Muulizeni waziwazi: «Jina hili tulitumie wapi? Kwa wateja? Kwa makao makuu? Mtu wa nyumbani kwako akipiga simu, tuseme nini?» Kuna mahali ambapo kufichuliwa kunaweza kumgharimu mtu kazi, makazi au usalama wake, na sheria haimlindi. Katika hali hiyo mpango wenu wa «nikiona hivi, nitafanya vile» unahitaji sehemu mbili: tukiwa sisi kwa sisi, jina lake, simu ya nje ikiingia, jina aliloagiza yeye. Fanyieni mazoezi yote mawili. Na akibadilisha mawazo, agizo jipya lianze siku hiyohiyo.